Kwa Mwanangu, Nyapara Mpya

Kaloleni, Nairobi

Mwanangu,

Mama yako ameniambia umepandishwa cheo huko ghalani Viwandani, sasa ni wewe unayesimama langoni alfajiri kuchagua vibarua. Hongera sana. Nilifurahi na nikakuombea. Lakini Jumapili, ukitusimulia habari za kazi, ulisema, "Namba 14 aliangukiwa na gunia, nikamrudisha kwao nikachukua mwingine." Sikutaka kukukanya mbele ya wageni, ndiyo maana nakuandikia, nikueleze kwa nini ile "Namba 14" iliniuma.

Kariokor umepita tangu ukiwa mgongoni. Jina lile limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Waingereza walikuwa wakimwandama Mjerumani von Lettow-Vorbeck, kuanzia kule Taveta mpaka wakaingia Msumbiji. Barabara zilikuwa haba, na punda na farasi walikufa kwa mbung'o, basi mizigo ikapandishwa vichwani mwa watu. Mwaka 1917 machifu walishurutishwa kutoa vijana, wakasombwa vijiji kwa vijiji. Mtu alitembea porini na mzigo wa kilo 25 hivi, jioni akala unga wa mahindi ambao haukuiva vizuri. Risasi haikuwaua wengi. Kuhara damu, malaria na nimonia ndivyo vilivyowamaliza. Waliokufa kutoka Kenya peke yake wanakadiriwa kuwa 45,000 hivi, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao kamwe.

Haya niliyafundisha darasani miaka mingi, nikiyaandika ubaoni na kuyafuta. Yaliniingia moyoni nilipokwenda kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, wanakolala askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu. Nilipitisha kidole kwenye herufi za jiwe moja: jina, namba yake ya jeshi, tarehe aliyokufa. Mama wa yule kijana angefika pale, angejua pa kulilia. Kutoka hapo nikapanda matatu hadi mjini, nikasimama mbele ya sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, iliyowekwa mwaka 1928. Mpagazi yupo, amesimama na askari wawili. Maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawasifu wapagazi. Jina hata moja hakuna. Nilizunguka sanamu yote nikitafuta.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa sawa na wenzao wazungu, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita. Huwezi kurudi leo kule Lindi au Ruvuma walikopita wapagazi ukaanza kuuliza nani alizikwa chini ya mti upi.

Tangu siku ile sijaweza kumwita mtu "wewe wa mkokoteni". Mama anayeniuzia mboga soko la Burma namjua jina, na mwanawe aliye sekondari namjua. Hilo halikunigharimu chochote, lakini limebadilisha jinsi ninavyoiona mitaa hii na watu wake wanaotoka gizani kwenda kubeba vya wengine.

Wewe una daftari na kalamu, mwanangu. Anayeshika daftari ndiye anayeamua nani atakuwa mtu na nani atakuwa namba. Andika majina mawili ya kila kibarua, na simu ya mtu wake wa nyumbani. Akiumia, andika ameumia vipi na saa ngapi, hata kama mkubwa wako hajakuuliza, na usikubali malipo ya siku yake yapotee. Najua utaambiwa unachelewesha kazi. Vumilia, watazoea.

Jumamosi ukitoka kazini nipitie, twende wote pale kwenye sanamu, kisha nikununulie nyama Kariokor. Lakini kabla ya hapo nijibu: yule kijana aliyeangukiwa na gunia anaitwa nani, anakaa mtaa gani, na ameshaonwa na daktari? Nataka kwenda kumjulia hali.

Shangazi yako