Kupima si Kutukana

Ukongwe si aibu ya chombo. Aibu ya chombo ni kushindwa kazi, na hasara ya mnunuzi ni kulipa kabla ya kujua. Nayasema haya kwa ajili ya mpwa wangu, fundi kijana wa mjini Same, aliyetaka kununua mashine kuukuu ya kuchomelea chuma kwa waya. Fedha yake ilikuwa jasho la mama yake, dada yangu, mkulima wa tangawizi huko Mamba Miamba. Mavuno ya misimu miwili yangeweza kupotea kwa siku moja.

Muuzaji, mzee wa heshima, aliisifu sana mashine yake. Lakini sifa ni dibaji, wala dibaji si kitabu. Mpwa wangu alianza kwa kusoma kibao cha maelezo kilichopigiliwa nyuma yake. Mashine iliyoundwa kwa umeme wa Marekani, volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, haipatani na umeme wetu wa volti 230 na mizunguko 50. Na ile itakayo umeme wa njia tatu haimfai mwenye njia moja. Kisha alitazama kiwango cha kazi. Asilimia 60 maana yake ni kuchomelea dakika 6 katika kila 10, na 4 za kupoa.

Alipofungua kifuniko, vumbi halikumtisha, kwa kuwa vumbi hupulizwa. Alitafuta weusi na harufu ya nyaya zilizoungua. Rola zinazosukuma waya zikilika, au ncha ya shaba ikichakaa, hubadilishwa kwa fedha kidogo. Transfoma ikiungua, ni msiba.

Ndipo akasema, "Mzee, naomba nichomelee vipande viwili."

"Mwanangu, mtungi wa gesi umekwisha. Niamini."

"Nakuamini, mzee, lakini mashine yenyewe bado haijasema."

Tukaazima mtungi kwa jirani. Moto ulilia mfululizo kama mafuta ya kukaangia, na mshono ukatoka bila matundu. Baada ya kitambo waya ukaanza kuteleza: rola zilikuwa zimelika. Mzee aliliona kwa macho yake, akapunguza bei bila kinyongo, na mashine ikanunuliwa.

Wako watakaosema kwamba kijana alimkosea mzee adabu. Mimi naona alimstahi, maana alimwondolea mzigo wa kuaminiwa kwa maneno matupu. Katika milima hii ya Upare, wahunzi wa ukoo wa Washana huko Ugweno waliyeyusha chuma zamani kabla ya ukoloni, na kazi yao ilitakiwa hata Uchagani. Jembe husifiwa shambani, si mdomoni. Sisi wasomi tunayapokea mengi kutoka kwa wakubwa wetu. Tuyapokee kwa mikono miwili, kisha tuyawashie moto, tusikilize sauti yake.