Geji Inasema, Umemuuliza Nani Mwingine?

Najua nimekuwa kimya mno, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Coventry, Uingereza, kwenye kozi fupi ya wiki sita, na badala ya kupanga chumba nikafikia kwa mjomba. Kozi ilikuwa nzuri, lakini somo kubwa nililipata nje ya darasa, nikiwa nimelala chali sakafuni, mikono inanuka petroli.

Mjomba ni fundi. Kabla hajaondoka Tanga miaka ya tisini alikuwa na gereji bubu chini ya mwembe. Siku hizi anatengeneza mabasi, na wikiendi anaunda gari. Ndiyo, anaunda! Waingereza wana mchezo huo: unanunua fremu, bodi na vipande vingine, injini unatafuta mwenyewe, halafu unalifunga gari nyumbani kwako. Babu wa magari hayo ni Lotus Seven, gari dogo la wazi lililotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Lilikuwa linauzwa likiwa vipandevipande ili mnunuzi asilipe kodi ya ununuzi iliyotozwa kwenye gari zima.

Gari la mjomba lina injini ya pikipiki. Nilicheka sana. Nikamwambia, "Mjomba, hiyo kwetu tunaiita Bajaji."

Hakucheka. "Mjomba, hii ni Yamaha R1 ya mwaka 1999. Nguvu za farasi kama 150, na gari zima halifiki kilo 500. Hebu ilinganishe na teksi zenu za Corolla."

Nikanyamaza.

Tatizo lilikuwa moja: kabureta zilikuwa zinamwaga mafuta. Naomba nieleze kidogo kwa wale ambao, kama mimi, gari wanalijua kwa kupanda tu. Kwenye pikipiki tanki liko juu ya injini, mafuta hayana safari ndefu. Kwenye gari hili tanki liko nyuma, chini, kwa hiyo mjomba alifunga pampu ya umeme ya kuyasukuma mpaka mbele. Pampu hiyo ina nguvu kuliko kabureta za pikipiki zinavyotaka. Ndani ya kila kabureta kuna boya. Mafuta yakifika kiasi chake, boya linapanda na kuisukuma sindano izibe tundu. Presha ikizidi, sindano inashindwa kuziba, mafuta yanaendelea kuingia.

Yakiingia yanakwenda wapi? Mengine yanatoka kwa mpira wa kumwagia, karibu na eksozi ya moto. Mengine yanaingia kwenye silinda na kuteremka mpaka kwenye oili. Na injini kama hii ya pikipiki inatumia oili ileile kwa injini, gia na klachi. Oili ikiharibika, vyote vitatu vimo hatarini.

Dawa yake ni regulata ya presha inayorekebishika. Ni kidude cha kushikwa kwa kiganja, kinafungwa kati ya pampu na kabureta. Ndani kuna springi na kiwambo chembamba, juu kuna skrubu. Ukikaza skrubu presha inapanda, ukilegeza inashuka. Mjomba alitaka paundi 2.5 kwa inchi ya mraba, yaani psi 2.5. Tairi ya gari dogo hujazwa psi kama 30, kwa hiyo mnaona kabureta zinahitaji msukumo mdogo kiasi gani.

Kazi ile mjomba aliniachia mimi. Tulichomoa betri kwanza, tukafungua mlango wa gereji, tukaweka kizimamoto karibu. Nikaifunga regulata kwenye fremu, mbali na eksozi, mshale wake ukielekea kwenye injini. Nikakata mpira, nikaunganisha, nikakaza klipu. Baada ya regulata tukaweka geji mpya aliyoinunua kwa bei ya kutupa. Nikalegeza skrubu mpaka mwisho, mjomba akarudisha betri na kuwasha pampu, nami nikaanza kukaza, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Sindano ya geji ikafika 2.5. Nikafunga nati. Nilijiona fundi kamili!

Injini ikawaka, sauti yake wacha tu. Baada ya dakika kama kumi nikasikia harufu ya petroli. Mjomba akazima kila kitu haraka. Mpira ulikuwa unadondosha, matone yanaangukia sentimita chache kutoka kwenye eksozi.

"Lakini geji inasema mbili na nusu," nikajitetea.

Mjomba akajifuta mikono. "Geji inasema. Umemuuliza nani mwingine?"

Yeye alikuwa anazungumzia geji. Mimi ilinigonga mahali pengine.

Miaka miwili iliyopita niliandika habari ya moto ulioteketeza vibanda kwenye mtaa mmoja hapa Dar. Nilifika jioni, mhariri ananipigia kila baada ya dakika tano. Mtu mmoja aliyekuwa pale akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba moto ulianzia kwa fundi wa kuchomelea. Nikaandika hivyo, na jina la karakana nikaliweka. Wiki tatu baadaye ikabainika kuwa chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme kwenye kibanda kingine. Gazeti likaomba radhi, mistari minne, ukurasa wa ndani.

Yule fundi alinipigia simu. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kijana, mbona mimi hukuniuliza?" Nilimwambia nitakwenda kumwona. Sikwenda. Nilikuwa naona aibu, na aibu ikikaa sana inageuka kuwa mazoea.

Turudi gereji. Mjomba aliazima geji kwa jirani yake, naye ana gari la namna hiyo. Tukaifunga mahali palepale, skrubu haijaguswa. Ikasoma karibu 5! Geji yetu mpya ilikuwa inadanganya. Tukaijaribu na pampu nyingine, ikadanganya vilevile. Tukapima oili: nyepesi, inanuka petroli. Ikabidi imwagwe yote na filta ibadilishwe. Mjomba alisema tuna bahati, maana watu wengine wanagundua wakiwa barabarani, gari linawaka.

Tukaanza upya kwa geji ya jirani. Safari hii tulipofika 2.5 tuliwasha injini nusu saa nzima, huku nikipitisha karatasi ya tishu kwenye kila kiungo kutafuta unyevu. Pakavu. Gari bado lina ukaguzi wa serikali kabla halijaruhusiwa barabarani, lakini siku ile mjomba alilala mapema, anapiga mluzi.

Nimerudi Dar Jumatatu. Jumatano nimekwenda kwa yule fundi. Bado yuko palepale, anachomelea mageti. Nikamwambia, "Shikamoo," nikajitambulisha. Akaitikia, akaninyooshea kigoda, akaendelea na kazi kama nusu saa bila kuniangalia. Halafu akazima mashine, akanisimulia. Wateja wake wawili wakubwa, waliokuwa wakimpa kazi za majengo, hawajarudi mpaka leo. Kijana aliyekuwa akimsaidia akaondoka kwa sababu kazi zilipungua. Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba aseme.

Safari hii nimeandika alichosema. Nimezungumza pia na majirani watatu, na nimeisoma ile ripoti ya moto mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Habari iko mezani kwa mhariri. Kasema ni ya zamani, nani ataisoma? Nimemwambia mistari minne haitoshi, na kesho nitamrudia tena. Ikitoka nitawajulisha. Isipotoka, nitaiweka hapahapa.

Na nyie wenzangu mnaopigiwa simu na wahariri kila dakika tano, mnafanyaje? Tuambizane.