Msimu Ujao

Baba yangu ni Ingwe kindakindaki. AFC Leopards walichukua ligi ya Kenya mara ya mwisho 1998, mimi sijazaliwa, na mpaka leo mzee anaongea kuhusu msimu ujao kama mtu aliyeonyeshwa ratiba mbinguni. Kwa hivyo nilishtuka Jumapili ya 10 Juni 2018 aliponiambia nivae viatu, tunaenda Afraha kuona Gor Mahia.

Ilikuwa fainali ya SportPesa Super Cup, kombe la kila mwaka la klabu za Kenya na Tanzania. La kwanza lilichezwa Dar es Salaam 2017, sasa lilikuwa limeletwa Nakuru. Sisi wa Naivasha mpira mkubwa tunauonea kwa kibanda cha video. Simba SC kuja kucheza hapo mbele ya Gilgil, si mchezo. Baba alikuwa na off kwenye shamba la maua, mimi nilikuwa kidato cha nne. Tukapanda matatu, tukapita Kikopey na ile harufu ya nyama choma, na hakuna aliyeitaja.

Afraha ilikuwa kijani tupu. Mzee alikuwa amevaa jezi ya Ingwe.

"Baba, utapigwa."

"Leo nimekuja kama Mkenya," akasema.

Meddie Kagere akafunga mapema. Baba akabaki ameketi, mikono kifuani. Kipindi cha pili Jacques Tuyisenge akaongeza la pili, na nikamwona mzee amesimama, akapiga makofi matatu, akakaa chini haraka kama mzee wa kanisa aliyeonwa akitoka baa. Gor mbili, Simba bila.

Zawadi ilikuwa dola 30,000 na safari ya Uingereza kucheza na Everton. Walienda Novemba, Goodison Park, wakala nne bila. Mtaani kwetu hakuna aliyewacheka sana. Walikuwa wamefika.

"Umeona?" Baba aliniambia kwenye matatu tukirudi. "Vijana wanatoka hapa hapa wanaenda mpaka Liverpool. Wewe soma tu."

"Kagere na Tuyisenge ni wa Rwanda, Baba."

"Soma tu."

Nikasoma. Niliingia chuo Septemba 2019. Mwaka huo Kariobangi Sharks walikuwa wamelichukua kombe Dar, Julai wakaikaribisha Everton Kasarani na kuishinda kwa penalti. Muda mfupi baadaye mdhamini, aliyekuwa kwenye mvutano na serikali juu ya leseni na kodi, akaondoa pesa zake kwenye michezo nchini. Kombe halijachezwa tena. Kinachonishangaza ni vile lilikufa bila matanga. Ratiba haikutoka tu, na watu wakaendelea na mambo yao.

Mimi pia nilitoka chuo hivyo hivyo. Machi 2020 soko la maua Ulaya lilianguka na Baba akatumwa nyumbani bila mshahara. Mfadhili aliyekuwa akilipa nusu ya karo yangu akaacha kujibu barua pepe. Mwaka wa pili nikakosa jina langu kwenye orodha ya mtihani. Hakuna aliyenifukuza. Muhula uliofuata sikujisajili, basi.

Nyumbani sikusema. Baba alikuwa amerudishwa kazini, na kila mwisho wa mwezi M-Pesa ililia: 2,000, ya matumizi. Mimi nilikuwa kwa rafiki Nakuru, ninawaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao kwa malipo ya kurasa. Yaani mtu ambaye ameacha chuo analipwa kuwamalizia wengine chuo. Usiku nilikuwa nacheka peke yangu, halafu sicheki.

Desemba 2021 nilirudi Naivasha "kwa likizo". Jioni vijana wa Karagita hucheza watano-watano kwenye uwanja wa basketi wa saruji. Tunaita futsal, ingawa mpira wetu unadunda kuliko inavyotakiwa. Siku moja Baba akapita akitoka kazini, akasimama kando yangu nikiwa nimepumzika.

"Huyo wa fulana nyekundu si alitoka?"

"Alitoka, amerudi."

"Inaruhusiwa?"

"Kwa futsal, ee. Unatoka na kurudi mara unazotaka. Bora tu mwenzako atoke kwanza."

Akanyamaza. Mpira ukagonga mwamba, watu wakapiga kelele. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Nilienda chuoni kwenu Oktoba. Wakaniambia hawakujui."

Magoti yalilegea. Nilitafuta neno nikakosa. Nikaanza kuhesabu miezi, maana akili ikiogopa hukimbilia hesabu.

"Lakini Novemba ulinitumia pesa."

"Si ulikuwa unakula?"

Nimeandika mambo mengi kwa pesa tangu hapo, na bado sijapata sentensi ya kuweka baada ya hiyo. Tulisimama tu. Mwishowe akauliza deni la chuo ni ngapi. Nikamwambia. Akapiga mluzi mdogo, ule wa mtu aliyeambiwa bei ya shamba.

"Hiyo si ya mwezi huu," akasema. "Twende nyumbani, mama yako amepika."

Sijarudi chuo. Insha za watu niliacha, sasa naandika kwa jina langu, na deni linapungua polepole sana. Afraha ile tuliyokaa ilibomolewa ijengwe upya. Kuna siku naamini nitarudi darasani, kuna siku naona nimeshazoea nje.

Wiki jana Baba alinipigia, sauti juu. Ingwe wamesajili mshambuliaji. Huyu ni moto, akasema, msimu ujao utaona.

Nikamwambia sawa, Baba. Msimu ujao.