Birika la Mama na Kumbukumbu Zilizothibitishwa

Katika vikao vya kamati ya msikiti, baada ya dua ya ufunguzi huja kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Katibu husoma, wajumbe husikiliza, na mwenye kuona palipokosewa hunyoosha mkono. Bila ya hatua hiyo, yaliyoandikwa hubaki kuwa maneno ya katibu peke yake. Sisi tuliopewa amana hiyo hapa Tukuyu tumejifunza kwamba hata kumbukumbu za moyoni zahitaji wa kuzithibitisha, na zikikaa muda mrefu bila ya kusomwa mbele ya wengine, humwelemea aliyezibeba.

Tulilifahamu hilo baada ya kufiwa na mama yetu mzazi, Allah amrehemu. Siku za msiba zilipokwisha, kila mmoja alirejea kwenye shughuli zake: huyu kwenye chai, huyu kwenye migomba, huyu dukani. Mdogo wetu wa mwisho, aliyemuuguza mama, alinyamaza. Aliswali pamoja nasi, lakini alikula kidogo, hakulala, na jina la mama likitajwa alinyanyuka akatoka. Majirani baadhi walisema ni subira. Wengine walinong'ona kuwa imani yake imedhoofika.

Haikuwa hivyo. Surat Yusuf inatueleza kuwa Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, naye ndiye aliyeazimia subira iliyo njema. Huzuni yake alimshitakia Allah. Tabibu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza humo hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni mambo yanayohitaji matibabu. Basi Muislamu anayeugua nafsi hana aibu zaidi ya anayeugua malaria.

Msimu wa mvua, ambao kwetu Rungwe huchukua sehemu kubwa ya mwaka, tulikaa ndani na penseli tukaanza kulichora jiko la mama, ambalo lilikwisha kubomolewa: mafiga matatu, kinu, birika, na dirisha lililotazama Mlima Rungwe. Nia yetu ilikuwa kuchora kila kitu kama kilivyokuwa. Uchoraji wa namna hiyo ni mgumu, kwa sababu haukubali maneno ya jumla. Ulimi husema "birika" ukaridhika. Penseli huuliza: mdomo wake ulielekea wapi? Masizi yaliishia wapi? Mwanga wa dirisha uliangukia upande upi? Hapo ndipo mtu hugundua kuwa mengi aliyodhani anayakumbuka yamekwisha kumtoka.

Mdogo wetu alipita, akasimama nyuma yetu kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Kaka, mkono wa birika haukuwa hivyo. Ulikatika, mama akaufunga waya. Usiku ule aliomba maji ya moto. Nilikuwa jikoni nikiyachemsha. Niliporudi, alikuwa ameshaondoka. Alikufa na kiu."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla. Dada yetu, aliyekuwa kitandani kwa mama saa ile, aliitwa. Akamweleza kwamba alimlowesha mama midomo kwa maji, mama akameza, akatamka shahada. Miezi yote hiyo hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyejua kuwa anahitaji kuambiwa. Kijana alilia hadi adhana ya Isha.

Wako watakaouliza juu ya hukumu ya picha, na ni haki yao. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kuwa Ibn Abbas (r.a.) alimwonya mtu aliyeishi kwa kazi ya kutengeneza picha, kisha akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Sisi hatukuuchora uso wa mama, wala hatukuuhitaji. Birika lilitosha.

Wala hatudai kuwa penseli ni tiba. Dua ziliendelea, na mdogo wetu tulimpeleka pia hospitali, akasikilizwa na kupewa tiba. Anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au anayesema maisha hayana maana tena, apelekwe kwa tabibu bila ya kuchelewa. Mchoro ulichofanya ni kumpa mtu kitu cha kusahihisha, na kusahihisha ni kwepesi kuliko kukiri. Wazazi na walezi wenye mtu aliyenyamaza nyumbani wanaweza kujaribu hivyo: kuchora mlango, kisima au mparachichi wa uani, kisha kumuuliza palipokosewa.

Mchoro wetu haujakamilika. Dada anashikilia kuwa kinu kilikaa upande wa pili wa mlango, mdogo wetu anakataa, na kila wanapobishana jina la mama hutajwa bila ya mtu kunyanyuka.

Wallahu a'lam.