Njia ya Kilabuni

Msomaji, ukijaliwa kufika Nairobi, teremka mashariki hadi Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika katika miaka ya 1920. Humo, katika Majengo, nyanya yangu alipanga chumba katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa.

Zama hizo, kabla ya uhuru wa 1963, baraza la mji lilikuwa na kilabu chake cha pombe, na faida ilitumiwa kwa mahitaji ya Waafrika. Lakini aliyepika pombe nyumbani kwake akaiuza alikuwa mhalifu. Basi babu yangu alikuwa mnywaji wa kilabuni, na nyanya mpikaji wa siri, mitungi yake akiificha uvunguni. (Mwalimu hapaswi kuisifu pombe, wala mimi siisifu.)

Usiku mmoja askari walibisha hodi. Wakaimwaga pombe, wakamchukua nyanya. Babu alikuwa kilabuni, na mshahara wake wa mwezi ulikuwa umekwisha kubaki huko. Faini ikangoja siku tatu, naye nyanya akangoja nayo korokoroni.

Kisa hiki alinisimulia mwenyewe, babu akiwa amekwisha kufa. Nilimwuliza kama alimlaumu mumewe. Alicheka, akasema ile mitungi ndiyo iliyomsomesha baba yangu. Lakini nakumbuka kwamba utotoni mwangu, kila tulipoikaribia njia ya kilabuni, alinishika mkono akanivusha upande wa pili.