Kutoka Kombeni hadi Magongo

Siku ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ilitukuta Rabai. Tulikuwa vijana wanne, sote wazawa wa Magongo, na sote wanafunzi wa Kiswahili isipokuwa mmoja. Huyo tulimwita Kapteni, kwa kuwa ndiye aliyetutangulia tangu Mariakani tukiufuata Mto Kombeni kwa baiskeli. Jumatatu iliyofuata alitarajiwa kupanda ndege kwenda Doha kwa mkataba wa kazi wa miaka 2. Ziara yetu ilikuwa buriani, ingawa hakuna aliyethubutu kuiita hivyo.

Kombeni, msomaji mpenzi, si mto wa kujigamba nao mbele ya watu wa Tana au Sabaki. Ni mto wa msimu. Masika huteremka kwa ghadhabu kuelekea Hori ya Tudor; kiangazi huacha mchanga na vidimbwi vya hapa na pale. Agosti ile ya 2023 tuliwakuta akina mama wamechimba mchangani, wakingoja maji yajikusanye ndipo wayateke kwa kata, polepole, yasije yakatibuka. Bibi mmoja alitukaribisha.

"Kunyweni, wajukuu zangu. Haya hayana chumvi."

Sisi watatu tulionja kwa adabu. Kapteni alikunywa kata nzima, akashukuru, kisha akamjazia bibi yule mtungi wake na kumtwika. Alijua uzito wake. Baiskeli aliyoipanda ilikuwa ya babake: nyeusi, nzito, karia yake imeongezwa vyuma na fundi wa kuchomelea. Juu ya karia hiyo mzee alikuwa akipakia mitungi 4 ya lita 20, yaani kilo 80 za maji kila safari, akiuza nyumba hadi nyumba mitaani Magongo. Karo ya Kapteni na ndugu zake ilitoka katika mitungi hiyo. Sisi tulikuwa na baiskeli nyepesi za kukodi na za kuazima, tukizisifia gia zake. Lakini katika vilima vya Rabai yeye, asiye na gia hata moja, ndiye aliyekuwa akitungoja juu.

Ni vigumu kwa mwanafunzi wa Kiswahili kupita Rabai asimtaje Johann Ludwig Krapf, aliyeanzisha misheni hapo mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Tulibishana juu ya kamusi hiyo kwa sauti za juu, kama kwamba tuko ukumbini, mpaka tairi la mmoja wetu lilipopata pancha. Mjadala ukaishia kwenye gundi na kiraka, na sioni kwamba elimu ilipata hasara.

Baada ya hapo njia ilituishia. Mto ulipokaribia hori, mchanga uligeuka tope, na tope likaota mikoko. Tulibeba baiskeli mabegani tukapanda tena hadi Mazeras kuishika barabara kuu. Hapo tulipumzika kwa mahamri na mbaazi. Mazeras ndiko unakofikia mfereji mkubwa wa maji ya chemchemi za Mzima, yanayochipuka Tsavo Magharibi baada ya kuchujwa na miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu. Mwendo wake ni kilomita 220 hivi.

Kapteni aliliwaza jambo hilo kitambo.

"Yanatoka Tsavo mpaka hapa," alisema, "halafu kutoka hapa kuja kwetu, ni pua na mdomo, ndipo yanapochoka. Hizo kilomita zilizobaki babangu ndiye mfereji."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Goti lake limekwisha. Naenda Doha ili ashuke baiskeli hii. Hakuna jingine."

Mmoja wetu alimuuliza kama mzee mwenyewe anataka kushuka. Hakujibiwa.

Kutoka Mazeras hatukuzungumza sana, maana malori ya bandarini hayampi mwendesha baiskeli nafasi ya porojo. Tulipita Miritini, ilipo stesheni ya treni ya abiria tangu 2017, tukakengeuka kidogo hadi Jomvu Kuu, mji wa kale wa Wajomvu, ili tuyatazame tena yale maji ya Kombeni. Yalikuwa yamekwisha kuchanganyika na bahari, huwezi kuyabagua. Kisha Mikindani, na hatimaye Magongo alasiri ikielekea magharibi.

Mifereji ilikuwa mikavu tangu jana yake. Babake Kapteni alikuwa kibarazani, mitungi imejaa na kupangwa, wateja wamekwisha kutuma watoto mara mbili. Hata salamu zetu alizipokea mkono mmoja ukiwa tayari kwenye usukani.

"Mmenirudishia mguu wangu," alisema.

"Keti, baba," Kapteni alimwambia. "Leo nitapeleka mimi."

"Na Jumatatu?"

Kapteni alifunga mtungi wa kwanza kwa mpira, akakaza, akaushika wa pili. Mzee alimtazama, kisha akainama kwa shida na kumshikia baiskeli isianguke. Sisi watatu tulichukua mtungi mmoja mmoja kwenye baiskeli zetu za gia, tukamfuata. Wangu ulikuwa umemwagika nusu kabla hatujalifikia lango la kwanza.