Ngoma Iliyovuka Bahari

Mithali isemayo kuwa mcheza kwao hutunzwa ilitungwa wakati ambapo safari ilipimwa kwa nyayo za miguu na kwa pepo za bahari. Siku hizi kijana aweza kupiga muziki Nairobi siku ya Ijumaa, akapanda ndege usiku, na siku ya Jumamosi akapiga tena Berlin mbele ya watu wasiojua hata jina la kijiji cha wazazi wake, nao wakamtunza kama mtu wa kwao. Kazi hii ni ya madijei, yaani wapiga santuri, nami nataka kuizungumza nawe, msomaji, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni kazi ambayo wazazi wengi wa Kitui na Makueni huidharau. Ya pili, ni kazi ambayo vijana wengi wa huko huitamani bila ya kuijua. Dharau na tamaa hazifanani, walakini zote mbili ni namna ya upofu.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa Makueni, nikafunzwa ualimu chuoni, na sasa nafundisha Kitui. Sijui kupiga santuri. Lakini mwalimu husikia mengi: husikia vijana wakisema muziki wa klabu ndio maisha, na husikia wazee wakisema muziki huo ndio mauti. Palipo na maneno makali kiasi hicho, yafaa tuulize kwanza kitu chenyewe ni nini.

Dijei hapigi zeze wala filimbi. Ala yake ni muziki uliokwisha kupigwa na wengine. Huchukua wimbo mmoja, akausikiliza mwendo wake, akautafutia wa pili wenye mwendo unaolingana nao, kisha akauingiza wa pili kabla wa kwanza haujaisha, hata mchezaji asijue mpaka uko wapi. Kazi hiyo ina hesabu ndani yake. Muziki wa hausi aghalabu huenda mapigo 120 hata 130 kwa dakika. Singeli ya Dar es Salaam hupita mapigo 200. Asiyejua kuhesabu mapigo hawezi kuzioanisha nyimbo, na wachezaji hujikwaa kama watu washukao ngazi gizani.

Asili ya sanaa hii si moja. Katika miaka ya 1950 mjini Kingston, Jamaika, watu walipakia spika kubwa katika malori wakawapelekea muziki maskini waliokuwa hawana fedha za kuita bendi. Tarehe 11 Agosti 1973, katika mtaa wa Bronx, New York, Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika ajulikanaye kwa jina la Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe ambayo dada yake aliiandaa apate fedha za nguo za shule. Sherehe ile ndogo huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa hip hop. Mwaka 1977 huko Chicago ilifunguliwa klabu iliyoitwa Warehouse, ambamo Frankie Knuckles alichanganya nyimbo kwa ustadi hata muziki wa hausi ukapata jina lake kutokana na jina la nyumba ile. Utaona, msomaji, kwamba wote hawa walikuwa watu wa hali ya chini, na kwamba hapana hata mmoja aliyeanza na kitu kipya kabisa. Walianza na vilivyokuwapo, wakaviunganisha.

Sasa tuitazame besi, ile sauti nzito iwaudhiyo jirani. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Sikio la binadamu husikia mitikisiko tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde. Sauti ya mitikisiko 5,000 ina wimbi lenye urefu wa karibu sentimita 7, na ukuta au mlango huizuia bila ya taabu. Sauti ya mitikisiko 50 ina wimbi la karibu mita 7. Wimbi kubwa hivyo huzunguka nyumba, hupenya bati, na huingia kifuani mwa mtu kabla hajajua kuwa amesikia. Ndiyo sababu usiku wa harusi, ukiwa ng'ambo ya mto, husikii maneno ya mwimbaji, bali mdundo wa ngoma wakufikia kitandani.

Jambo hili wazee wetu walilijua pasipo kitabu. Ukambani iko ngoma iitwayo kilumi. Waliicheza watu wazima, hasa wanawake, wakati wa kuomba mvua na wakati wa kuwatibu waliosemekana kuwa wameingiwa na pepo. Ngoma zake ni kubwa na sauti yake ni nzito. Katika nchi kame kama Kitui, ambayo tegemeo lake ni mvua za Oktoba hata Desemba, ngoma ya kuomba mvua haikuwa mchezo. Ilikuwa kazi kama kulima. Mdundo ule mzito ulikusudiwa kumwingia mtu mwilini na kuwafanya wengi kuwa mmoja. Hilo ndilo alitafutalo dijei usiku wa manane, ingawa yeye haombi mvua.

Watu husema kuwa kuchanganya muziki ni kuuharibu. Mimi naona historia yetu yatoa ushahidi mwingine. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa waliisikia miziki ya bendi za kijeshi, wakaigeuza kuwa ngoma ya beni, nayo ikatembea bara hata Tanganyika. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos, alijifunza uchongaji alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza; aliporudi, akawafunza wenzake, na leo mgeni akinunua twiga wa mti hufikiri kuwa Wakamba walizaliwa na patasi mikononi. Benga ilianza kwa Wajaluo kando ya Ziwa Viktoria. Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliipiga na bendi yake ya Kilimambogo Brothers hata ikawa ya Ukambani kwa lugha na kwa lahani. Kila kimoja katika hivi kilikuwa mchanganyiko siku ya kwanza, na mila siku ya pili.

Basi si ajabu kuwa kizazi hiki nacho kinachanganya. Emma Mbeke Nzioka wa Nairobi, ambaye ulimwengu wa klabu wamjua kwa jina la Coco Em, ni dijei, mtungaji wa muziki na mpiga filamu. Mwaka 2022 kampuni ya InFiné ya Ufaransa ilitoa mkusanyo wake wa nyimbo, naye akauita Kilumi. Amepiga Ulaya mara nyingi, na amefanya kazi ya kuwafunza wasichana ustadi huu, ambao kwa muda mrefu ulihodhiwa na wanaume. Freddy Njau, aitwaye Slikback, pia ni Mkenya; muziki wake mzito na mkali, Lasakaneku wa mwaka 2018 na Tomo wa mwaka 2019, ulitolewa na Hakuna Kulala ya Kampala, ukamfikisha Ulaya na Asia. Karibu na Jinja, kando ya Mto Nili, tamasha la Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 na kuwakutanisha wapigaji wa Afrika Mashariki na wa dunia. Mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso uliitoa singeli ya Dar es Salaam nje ya mitaa yake. Mambo haya yametendeka karibu nasi, si katika hadithi.

Walakini liko swali zito. Ngoma iliyokuwa ya kuomba mvua, yafaa ipigwe mahali pa pombe? Swali hili lilinifikia nyumbani. Msichana niliyepata kumfundisha, ambaye sasa hupiga muziki katika harusi za Makueni, alinijia akaomba nimpeleke kwa nyanya yangu, aliyecheza kilumi ujanani, ili anase sauti ya ngoma ile kwa mashine. Nilimpeleka. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mwanangu, wataka sauti ya ngoma, au waitaka ngoma?"

Msichana alinyamaza kidogo, akajibu, "Nyanya, naomba sauti. Ngoma sijaijua."

Nyanya akafurahi kwa jibu lile. Akamtajia masharti. Sauti aichukue, lakini asiseme ni yake. Na kila atakapoulizwa ataje kuwa ameipata kwa wazee wa mahali fulani. Mpigaji apewe haki yake, kwa kuwa mkono wa mtu haulimi bure. Tena ulikuwako wimbo mmoja, ule wa kuita mvua wenyewe, ambao alikataa usinaswe. "Huo hauchezwi na mtu aliyeshiba," alisema. Msichana alizima mashine yake, naye akaimbiwa wimbo ule asikie tu. Nilikuwapo, na katika masomo yangu yote juu ya haki ya mtunzi sijapata kusikia sheria iliyoelezwa kwa uwazi kuliko ile. Kuazima ni halali kwa anayeomba, anayetaja jina la mwenyewe, na anayekubali kunyimwa.

Baada ya heshima ya kazi, yapasa kuitazama taabu yake, maana watamanio kusafiri huziona picha tu. Dijei wa Kenya aalikwaye Ulaya hapati ruhusa kwa sababu ya sifa zake. Huomba viza, huonyesha barua ya mwaliko, hesabu ya benki, na ushahidi kuwa atarudi. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen humruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, nayo yaweza kukataliwa wakati tiketi zimekwisha kuuzwa. Mwenzake wa Ujerumani aweza kwenda Paris kama wewe uendavyo Wote sokoni. Kisha kuna usingizi usiotosha, chakula cha haraka, na masikio. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani hushauri kuwa kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na ile ya desibeli 100 isizidi robo saa. Na klabu nyingi hufika hapo. Mithali yasema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Sikio nalo ni kama ngoma, na usikivu wake ukiharibiwa na kelele hapana fundi wa kuurudisha kama awali.

Hata hivyo safari si mgeni katika damu yetu. Kivoi wa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu hata Mombasa kabla ya reli wala barabara, na Johann Ludwig Krapf alipofika kwake mwaka 1849 alimkuta mtu aijuaye pwani vizuri. Kivoi aliuawa njiani mwaka 1851. Mali na hatari zilisafiri katika msafara mmoja, na mpaka leo hazijatengana. Tofauti ni kwamba pembe ikiuzwa haibaki nyumbani, lakini ngoma ikipigwa mbali hubaki pia ilipotoka, kama mwenye nayo hakuisahau.

Basi nakushauri hivi, msomaji. Ukiwa waipenda kazi hii, usiikimbilie kwa kuukimbia mtihani wako. Hesabu itakufunza mapigo, fizikia itakufunza besi, lugha za kigeni zitakusomea mkataba kabla hujaandika jina lako chini yake. Wengi wamepoteza jasho lao kwa kutia sahihi wasichokisoma. Ukiwa huipendi, usimcheke aipendaye, wala usimwite mhuni kwa sababu ya saa anazofanyia kazi. Mkunga na mlinzi nao hufanya kazi usiku.

Likizo ijayo, utakapokuwa kwenu, mtafute mzee mmoja aijuaye ngoma ya kale. Mwulize jina la ngoma, mti uliochongwa, ngozi iliyowambwa, na siku iliyopigwa. Andika majibu katika daftari, na jina lake uliandike juu. Wazee hao wapungua kila mwaka, na hapana mashine iwezayo kunasa sauti ya mkono uliokwisha kuzikwa.